Mkono Baada ya Mizani

Kilichonishtua kwanza ni mlio wa chuma. Ulikuja nyuma ya sauti ya mama yangu, katika ujumbe wa sauti alionitumia Jumamosi moja ya vuli kutoka Buffalo, akiwa njiani na mifuko yake, akinisihi nile vizuri na nisingoje theluji ndipo nitafute koti. Katikati ya nasaha hizo pazia la chuma la duka likateremka: mkwaruzo mrefu, kisha kigugumizi pale linapokwama usawa wa goti, kisha kishindo. Mama hakulitaja. Mimi, niliyekuwa nikimenya viazi katika jiko langu dogo la Clintonville, hapa Columbus, nikaweka kisu chini na kuurudia ujumbe. Niliurudia mara saba. Ulikuwa umetumwa saa sita na dakika kumi mchana, na katika utoto wangu wote pale mtaani kwetu, Bailey, sikuwahi kusikia pazia lile likishushwa Jumamosi mchana. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake ya wateja.

Huenda nawe, rafiki, una duka la namna hiyo kichwani mwako, ambalo ukifumba macho unajua kila kitu kilipo. Langu lilibanwa kati ya kinyozi na fundi wa viatu, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kivu ambaye sote tulimwita Maman, hata sisi Warundi tuliozaliwa kambini Tanzania na tuliokuja na namna yetu ya kumwita mzazi. Ukiingia, harufu ya ndagala wakavu, dagaa wetu, ilikupokea kabla ya mtu yeyote. Mawese yaliganda chupani kwa baridi, ikabidi yasimamishwe karibu na hita ndipo yakubali kumiminika. Sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, ililala ndani ya friza kama matofali ya kijani. Juu kulining'inia vitenge na nywele za kusukia. Chini, kuanzia Novemba hadi Aprili, zilitandikwa katoni zilizobanjuliwa, zikinywa theluji iliyoyeyuka kutoka viatuni mwetu. Hatua za wateja juu ya katoni zile zilikuwa na sauti yake, laini na yenye maji kidogo. Sijaisikia mahali pengine popote.

Lakini kilichotuleta pale ni matabishi. Maman alipima ndagala kwa mizani, polepole, akikuonyesha mshale uliposimama, kisha akatia mkono guniani na kukuongezea konzi moja juu ya kipimo. Konzi hiyo ndiyo matabishi. Haikuombwa wala haikukataliwa, na ukubwa wake ulitegemea mambo ambayo Maman peke yake aliyajua: nani kafiwa, nani kajifungua, nani kapunguziwa saa kiwandani. "Mizani inapima," alikuwa akisema, "mukono njo inasalimia." Mama yangu alirudi nyumbani akiifungua karatasi kwanza aione konzi, kama mtu anayefungua barua.

Maman alikuwa na binti wa rika langu, na hapo ndipo nilipojifunza wivu. Nimejaribu mara nyingi kuupima wivu ule kwa haki. Binti yule hakuwa na viatu bora kuliko vyangu. Shuleni nilimzidi. Chumba chao juu ya duka kilikuwa na panya kama chetu. Alichokuwa nacho ni mama aliyekuwapo. Wangu alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya jioni. Nilipotoka shule yeye ameshaondoka, na chakula kipo juu ya jiko, kimefunikwa kwa sahani. Binti wa duka aliketi kwenye kiti kifupi nyuma ya meza, kichwa chake kati ya magoti ya Maman, akisukwa. Mteja akiingia, Maman alinyanyuka, akapima, akaongeza konzi yake, akarudi kwenye msuko uleule. Nilisimama upande wa wateja, karibu na hita, nikijifanya kusoma maandishi ya makopo, nikiwaza jinsi inavyokuwa kusukwa bila haraka.

Kisha, tulipofikisha miaka kumi na mitatu, Maman alimruhusu binti yake kutoa matabishi. Nilitazama mkono ule mdogo ukiingia guniani na nikahisi nimeibiwa kitu ambacho hakikuwahi kuwa changu.

Wiki ya Pasaka nilitumwa ndagala. Duka lilijaa wanawake wa kwaya. Maman alikuwa nyuma akitafuta pale friza ilipoanzia kuvuja, na binti ndiye aliyepima. Aliufikisha mshale mahali pake, akafunga karatasi, akanisukumia.

"Na matabishi?" nikauliza.

"Matabishi iko ya wateja," akajibu, akiinua sauti wamsikie. "Weye unakuyaka hapa kuota moto tu."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Muache, atakuunguza na ile Kiswahili yake ya redio!" Wakacheka zaidi. Kiswahili changu cha shule ya kambini kilikuwa mzaha wa kudumu pale, mzaha wa upendo, najua sasa. Siku ile sikujua. Na lililonichoma ni kwamba binti alisema kweli: nilikuwa nakuja kuota moto.

Yaliyofuata niliyafanya kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaonitisha ninapoukumbuka. Mimi ndiye niliyewasomea wanawake wa kwaya barua za shule na za umeme, maana watoto wao wengi hawakuwa na subira. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimwonyesha mmoja wao kwenye simu yake, katika duka la mtandaoni, chupa za mawese, zimepangwa safu kwa safu, zikiweza kufika mlangoni pake bila yeye kuvaa koti. Akapiga ukelele wa furaha. Wiki iliyofuata walikuwa wanne, kisha kwaya nzima. Niliwaagizia mawese, unga wa muhogo, nywele, vitenge, hata ndagala. Walinipisha kiti. Walinisubiri. "Duka sasa iko mu simu ya huyu mutoto!" walisema, nami nikaketi katikati yao, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa pili wa meza.

Maman hakuniuliza lolote. Siku moja tu, baridi iliporudi, nilipopita na katoni tupu za jirani nikienda kuzitupa, alitoka mlangoni akaniita.

"Mutoto wa shule! Zile katoni munatupa, uniletee. Theluji inanimalizia sakafu."

Basi nikawa mpelekaji wa katoni. Kila Ijumaa nilizikusanya kwenye milango ya wanakwaya, nikazibanjua kwa uangalifu, nikajivunia kwamba hakuna hata moja niliyoichana. Maman alizipokea kwa mikono miwili, akazitandika, kisha akatia mkono guniani na kunipa konzi ya ndagala ndani ya karatasi, ingawa sikuwa nimenunua kitu. Nilikula wale ndagala njiani, wakavu hivyohivyo, na sikuwahi kumwambia mama.

Hayo ni ya zamani. Leo ninaandika tasnifu, na usicheke, kuhusu kufa kwa mitaa ya maduka katika miji ya namna ya Buffalo. Nina sura nzima ya sababu: viwanda vilivyohama, barabara kuu zilizoyapita maduka kwa mbali, kodi za pango, na mtandao unaoleta kila kitu mlangoni. Kila sababu nimeipa uzito wake. Baada ya ule mlio wa chuma niliisoma sura hiyo upya na kuona kwamba hamna mtu ndani yake. Hakuna mkono ulioshika simu, wala msichana anayetaka kupishwa kiti.

Nilimpigia mama. "Ah, lile pazia?" akasema. "Wanafunga, mwanangu. Magoti ya Maman yamechoka, na wateja ndio hao, wanaingia kusalimia tu. Binti yake yuko Louisville, kule Okolona, kwenye ghala la vifurushi. Anafunga mizigo ya watu walioagiza."

Sikupika viazi vile. Mlangoni kwangu kulikuwa na kifurushi ambacho sikuwa nimekifungua, ndagala nilioagiza wiki ile, na karatasi iliyobandikwa juu ilisema kimetoka Louisville. Najua kwamba mji ule una maghala mengi na mikono isiyohesabika. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Hata hivyo niliwamimina ndagala kwenye mizani ya jikoni. Gramu mia tano, wala hapakuwa na samaki mmoja wa ziada.

Na nikuungamie lililo baya zaidi, rafiki: hata hapo nilimwonea wivu. Duka lilikuwa la mama yake. Msiba ni wake. Yeye ana haki ya kulia, na akilia ataambiwa pole. Mimi ningelilia kwa jina gani? Mteja aliyeondoka hapewi pole. Nilimwonea wivu hata kile kiti kifupi, ambacho pengine kimeshatupwa. Nilikumbuka friza, hita, vitenge, zile hatua zenye maji juu ya katoni, na mwanamke aliyejua bila kuambiwa nani kafiwa. Hakuna simu inayojua hilo. Nimeagiza vitu mamia tangu utotoni, na kila kimoja kimenifikia kikiwa kamili, kama nilivyoomba.

Namba ya duka niliijua kwa moyo, maana ilichorwa kwenye kioo kwa rangi nyekundu na niliisoma kila siku nikiwa karibu na hita. Kwa siku nne nilipanga maneno. Niliandika sentensi ya kwanza kwenye karatasi, nikaifuta, nikairudisha. Alhamisi, adhuhuri, nikapiga.

Iliita kwa muda mrefu. Kisha, kutoka chumba kinachotoa mwangwi, kama chumba kilichokwisha kuondolewa vitu: "Alo, duka."

Nikataja jina langu na la mama yangu.

"Aaa! Mutoto wa katoni!"

Ile sentensi niliyoipanga ikanitoka yote mara moja. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyewafundisha wanakwaya kuagiza, kwamba nilifanya kwa wivu, kwamba nilikuwa namwonea binti yake wivu kwa sababu yake yeye, na kwamba nilikula ndagala wake huku nikimnyang'anya wateja.

Nikasikia Maman anacheka.

"Bon. Weye mwenye masomo mingi, ulizania sikujue? Katoni zote ulileta zilikuwa na majina. Nilikuwa ninazisoma asubui nikifagia. Huyu wa sauti ya kwanza, huyu wa ngoma, huyu bibi ya pasta. Bote bananilalia mu mulango."

Miaka yote hiyo ya kujivunia kwamba sikuchana hata moja.

"Maman, basi kwa nini ulikuwa unanipa matabishi?"

"Ulikuwa na baridi," akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Donc, sikiliza. Dada yako anatoka Louisville Jumamosi. Tuko na gunia moja ya ndagala, ya mwisho. Mizani nimeshaigawa. Watu ya kwaya watakuya, kila mutu atapewa kwa mukono, na mikono yake peke yake haitatosha. Unakuya? Utasimama huku nyuma ya meza, pamoja naye."

Nikamuuliza saa ngapi.