Aliyefuata Ngozi Yake Zizini

Ulikuwa mwaka ule tuliokula michembe asubuhi na matobolwa jioni. Ni viazi vilevile vikavu, tofauti ni kwamba matobolwa yamechemshwa kabla ya kuanikwa na michembe haikuchemshwa, basi. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Mtu yeyote wa hapa Sapiwi ukimwambia "mwaka wa michembe" atashika tumbo, ameshajua. Nataja mwaka mapema ili usije ukasema bibi huyu aliota. Siku ile nilikuwa macho, jua bado lilikuwa juu ya uzio wa minyaa, na mkononi nilikuwa na ndoo, siyo chupa.

Njaa tunaijua, haitutishi. Lakini mkamwana wangu Mbuke alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, na maziwa yake yalimtosha mtoto mmoja, tena akinyonya nusu tumbo. Watoto wale waliishi kwa ng'ombe wangu, chotara mmoja tu aliyekuwa bado anakamuliwa. Jina lake Mabaka, kwa vile ana mabaka.

Halafu ndama wa Mabaka, jike zuri, akafa kwa ndigana, homa ile ya kupe. Tulimpigia simu bwana mifugo akasema yuko njiani. Mpaka leo yuko njiani.

Anayefuga anajua kilichofuata. Ng'ombe aliyefiwa na ndama anabana maziwa. Unambembeleza, unamwimbia, unamtukana, anatoa matone mawili kisha anakupiga teke la goti. Ndani mapacha wanalia, zizini nalia mimi. Ndipo mwanangu Masanja akafanya walivyofanya wazee. Alimchuna yule ndama, akaianika ngozi, akaijaza mabua ya mpunga, akaishona na kuisimamisha kwa vijiti vinne. Mimi nikaipaka chumvi. Mabaka akainusa, akailamba, maziwa yakashuka.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, nikawa nabeba ndama wa mabua kwapani kama kichaa. Namsimamisha mbele ya ng'ombe na kusema, "Haya mama, mwanao huyu hapa." Uongo mara mbili kwa siku. Mimi, mwimba kwaya!

Sasa sikiliza. Jioni hiyo Masanja alikuwa amekwenda bwawani kuteka maji. Nimechuchumaa, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maziwa yanashuka vizuri. Nikasikia sauti langoni, "Mwadila, mayu." Ndiyo salamu yetu ya jioni, na mayu ni mama. Sikugeuka. Nani anageuka maziwa yakiwa yanashuka? Nikaitikia kama ninavyowaitikia wote wanaopita, "Mwadila, mwanangu. Karibu, hapa ni kwenu."

Hapo ndipo nilipokosea. Lakini niambie wewe, ungesema nini? Ungemwambia mtu pita hivi, sikujui? Sisi hatukulelewa hivyo.

Nilipogeuka nikaona msichana amesimama kwenye miti ya lango. Kajifunika vitenge viwili mpaka ncha za vidole, na joto lote lile, na anatetemeka. Uso mzuri, macho makubwa meusi yenye maji. Nikajua ni homa.

"Unaumwa?"

"Nasikia baridi, mayu."

"Pita ndani, Mbuke akupe uji."

"Uji sitaki. Huyo unayemwonyesha mama siyo mimi."

Sikumwelewa. Nikamuuliza, "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa huyo unayemkamua."

Nilicheka, kweli kabisa. Nikamwambia, "Wewe mtoto, nani kakunywesha gongo na jua lote hili?" Yeye hakucheka. Akasema, "Nimekuja kuchukua ngozi yangu. Mmeijaza majani."

Kabla sijamjibu, Mabaka akaiacha ile ngozi. Akaisukuma kwa pua ikaanguka, akavuta kamba mpaka langoni, akatoa ule mlio wa chini, wa kooni, ambao ng'ombe humtolea ndama siku anayozaliwa tu. Hakuwahi kuitolea ile ngozi ya mabua mlio ule hata siku moja. Akatoa ulimi na kumlamba yule msichana mkono. Kitenge kikateleza.

Niamini. Mkono ule haukuwa na ngozi. Ulikuwa mwekundu na unang'aa, kama nyama iliyotundikwa mnadani kabla inzi hawajaiona. Ng'ombe alikuwa anaulamba taratibu, kwa upendo, na msichana amefumba macho.

Miguu ilinigomea. Mdomo haukugoma, mdomo wangu haujawahi kugoma. "Ondoka! Kwa jina la Yesu, ondoka!"

"Niende wapi? Umesema hapa ni kwetu."

Unaona? Adabu yangu mwenyewe ndiyo iliyonifunga kamba.

Akafumbua macho. "Kama ngozi unaihitaji, nipe mmoja wa wale wanaolia ndani. Unao wawili. Mama yangu hana hata mmoja. Atamlamba huyo, naye atatulia."

Alisema polepole, kama mtu anayeomba kiberiti. Mimi ni mama wa watoto saba, nimezika wawili, na kwa mikono yangu nimechinja chatu aliyeingia bandani mwa kuku. Hasira ilinipanda mpaka woga ukakosa pa kukaa. Nikaiokota ile ngozi, nikaikumbatia, nikamwambia, "Ngozi sitoi, mtoto sitoi, na ng'ombe nakamua."

"Sawa, mayu. Nitakuwa nakuja."

Masanja alitokea na mkokoteni wake wa maji, akapita palepale aliposimama msichana, wala hakukwepa kitu. "Mama, mbona Mabaka analamba hewa?" Halafu akatazama chini. Maziwa yalikuwa yanachuruzika yenyewe kutoka chuchu zote nne, yamefanya dimbwi, na hakuna mkono uliokuwa umemshika.

Kweli, alikuja kesho yake. Na keshokutwa. Mapacha sasa wanatembea, na yeye bado anakuja kila jioni saa ya kukamua. Hakuna mwingine anayemwona ila mimi na ng'ombe. Mchungaji aliomba pale langoni mpaka akakauka koo, kisha akaniuliza kwa upole kama nimepimwa macho. Mganga mmoja akasema nikiizika ngozi yule msichana hatarudi, lakini ng'ombe atakauka siku hiyohiyo. Masanja akasema, "Mama, mpe tu, tupumzike." Nikamuuliza, watoto wako watakunywa nini, mate yako?

Maana Mabaka hajakauka, na dume hamtaki. Anakamuliwa tu, mwaka wa pili sasa, ndoo imejaa, na maziwa hayana kasoro. Majirani wananionea wivu. Wivu! Dada yangu alizikwa Lalago, mimi sikwenda, kwa sababu saa ya kukamua nikiwa mbali nani atasimama langoni? Nimefungwa kuliko ng'ombe. Yeye angalau kamba yake inaonekana.

Wewe unayefuga, nikushauri kitu. Ndama akifa, mzike na ngozi yake. Watoto kama watalala njaa, azima ng'ombe kwa ndugu, piga magoti kwa jirani usiyempenda, mimi nilijiona mkubwa sikupiga. Na mtu akikusalimia ukiwa unakamua, acha chuchu, geuka, mtazame kwanza mikono. Usimwite mwanangu mtu ambaye hujamwona.

Jana hakuniomba mimi. Alipitisha uso kwenye minyaa, upande wanakochezea watoto, akasema kwa sauti tamu, "Doto, ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Njoo mama akuone." Na Doto, ambaye hajawahi kumwona, akaacha kopo lake la mchanga na kuanza kutembea.

Nilimwaga ndoo nzima. Nilimdaka mtoto mkono mmoja, nikamtupa mgongoni, nikaenda kusimama mbele yake karibu kabisa, mpaka nikasikia baridi yake. Mbuke alitoka jikoni ananiuliza, mama unagombana na nani. Sikumjibu yeye. Nilimjibu aliyekuja.

"Ngozi sitoi, mtoto sitoi, na ng'ombe nakamua."