Trei Mbili za Mchambua Mayai

Mchambua mayai alirudi kutoka ghalani hoi bin taabani, macho yakimwasha. Kutwa nzima aliinua yai moja moja mbele ya taa: zima trei ya kushoto, bovu trei ya kulia. Msimamizi wake hakutaka kusikia "labda." Hakuna yai lililoingia trei zote mbili, na hakuna lililobaki mkononi.

Bintiye, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa hesabu, alimvua viatu huku akimsikiliza akisimulia habari za trei zake.

"Ndilo somo letu la leo, mama. Matukio mawili yasiyoweza kutokea pamoja, na la tatu halipo. Kama wewe kesho: ama trei ya kwenda kazini, ama trei ya kupumzika. Ukijumlisha uwezekano wa yote mawili, unapata moja kamili."

"Kwa hiyo kila trei ina nusu yake, mwanangu?"

"Si lazima. Trei moja inaweza kubeba uwezekano wote, nyingine ikabaki tupu."

Mama alicheka kwa uchovu, akajilaza na nguo zake za kazi.

"Hiyo tupu naijua," alisema. "Miaka yote hii naipanguza vumbi tu."