Jina Langu Katika Ubeti wa Mwisho

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Shule niliacha darasa la nne, na leo nina duka la mabati na misumari hapa Kakamega mjini, nyumba ya mawe, na mashairi ambayo watu wenye digrii hunibembeleza niwatungie wakiwaoza mabinti zao. Lakini nikifungua gazeti jipya, harufu ile ya wino ikinipanda puani, narudi kuwa mtoto wa kaptula yenye viraka.

Uhuru ulikuwa na miezi michache tu. Mimi na mama tulikaa kwa mjomba Mukabane, kaka yake mama, karani aliyevaa tai hata siku ya kupanda mahindi. Mchana nilishinda sokoni kwa Mzee Abdalla, fundi cherehani kutoka Mumias, nikimwokotea sindano. Yeye ndiye aliyenifundisha ushairi. Alinipa vifungo vinane vya shati, hesabu ya silabi za kila kipande cha mshororo.

"Kila silabi, sogeza kimoja," alisema. "Vikibaki, kipande kina njaa. Vikipungua, kimevimbiwa."

Sijapata mwalimu mwingine, wala sijamhitaji.

Nikatunga beti saba kuhusu bendera mpya, nikiwa shambani nafukuza ndege, vifungo mfukoni. Ubeti wa mwisho nikatia jina langu, ndiyo desturi ya watunzi: *Mimi Makokha natua.* Hesabuni wenyewe, ni nane kamili. Nikampa mjomba, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na sanduku la posta. Alisoma akiwa amesimama, akanipiga bega.

"Kumbe tuna mshairi kwa boma! Lete, nitaliandika safi, nilitume gazetini."

Joto la mkono ule nalikumbuka mpaka leo.

Gazeti likifika, Mzee Abdalla alikuwa na kawaida ya kusimamisha cherehani na kuwaghania wateja ukurasa wa mashairi. Siku moja akaanza, na beti zikawa zangu. Raha ilinijaa kifuani, nikingoja jina langu liwashtue watu. Nikawa nasogeza vifungo pamoja naye. Akafika mwisho: *Mimi Mukabane natua.*

Kidole changu kilitafuta kifungo cha tisa. Hakikuwepo.

"Lo! Bwana karani ametunga," akasema muuza chumvi.

"Ni langu," nikasema.

Kicheko! "Wewe? Kamasi yenyewe hujajua kufuta!"

Mzee Abdalla hakucheka. Alirudia kile kipande polepole, akanitazama, akavitazama vifungo, kisha akarudi kukanyaga cherehani. Kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kilikuwa suti ya mjomba.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu. Nikamweleza yote, naye hakugeuka.

"Makokha, hayo maneno usiyatoe nje."

"Lakini ni langu, mama! Unanisikianga nikihesabu!"

"Nasikianga. Sasa nyamaza, ule."

Jioni mjomba alileta nyama. Wageni walimsifu, naye akaniwekea kipande kikubwa kwa mkono wake mwenyewe. Nilikila chote.

Kwa miaka mingi nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia mjomba. Nilikuwa nimeshaoa ndipo nikafahamu kwamba sufuria ile, paa lile na udongo tuliolima vyote vilikuwa vya mjomba, na kwamba mwanamke aliyefukuzwa na mumewe, mtoto mgongoni, hakuwa na pengine pa kwenda. Aliliachilia shairi langu ili tulale ndani. Nimefahamu, lakini kusamehe ni kazi nyingine.

Kitabu changu nilikichapisha kwa pesa zangu, maana wachapishaji wa Nairobi walitaka cheti kwanza, na cheti changu mimi ni hiki kichwa. Shairi la bendera nikaliweka la kwanza, jina langu mahali pake. Kabla hakijatiwa jalada, nikampelekea mama kurasa. Hajui kusoma, kwa hiyo nikamghania. Alisikiliza hadi mwisho, akaipapasa karatasi.

"Na mjomba wako umemweka wapi?"

Mjomba alikuwa ameshakufa. "Hayumo, mama."

"Mweke. Alitulisha."

Nikarudi kwa mpiga chapa, nikamwambia aongeze ukurasa wa shukrani. Ukurasa ule mmoja ulinigharimu shilingi mia tatu na arobaini.