Bunduki ya Kumsubiri Mwenye Kisu

Mimi hakuna cha kunishangaza tena. Shule niliishia darasa la saba, Tabora. Nilifika Texas sijui hata kuomba maji kwa Kiingereza, na leo nina karakana yangu hapa Garland inayotengeneza chaga za mbao za kupangia mizigo maghalani. Wenye digrii wananiomba kazi. Nimeona mvua ya mawe ikitoboa kioo cha gari langu jipya, nikaendelea kunywa chai.

Kwa hiyo kamati ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu kabla ya harusi, ilipokaa Stafford, kule Houston, kila mtu anataja ahadi yake, huyu soda, yule mapambo, mimi nilisimama.

"Nyama niachieni mimi," nikasema. "Swala wa porini, nampiga mwenyewe. Sufuria moja, mle wote."

Hilo neno "wote" ndilo lililonitia kazini. Mimi Mkristo, lakini nusu ya wageni walikuwa Waislamu, na kwetu jambo hilo lina utaratibu wake: kwenye shughuli ya watu wote anachinja Mwislamu, na kila mtu anakula kwa amani. Mchinjaji ninaye. Jirani yangu ni Mzaramo, mhasibu wa ofisi moja Irving. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na adabu kwangu hana hata kidogo.

"Mtani, nisikilize," akaniambia. "Mimi nachinja mnyama aliye hai. Nikimkuta ameshakata roho, huyo ni wako na wanao."

"Utamkuta hai. Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na Mnyamwezi aliyekuja pwani kubeba mizigo."

Aina ya bunduki nilikuwa nimeshaiamua: ile yenye mkono wa chuma chini ya triga, unausukuma mbele, unaurudisha, risasi nyingine imeingia. Swali lilikuwa ipige risasi ya ukubwa gani. Mimi nikinunua gari, nanunua kubwa kuliko la jirani. Nikachukua inayopiga .45-70, risasi nene kama kidole gumba cha fundi. Nikalipia siku ya kuwinda kwenye shamba la watu, tukaenda, mtani na kisu chake kimeviringishwa kwenye taulo.

Nilifyatua mara moja tu. Swala hakupiga hata hatua. Mtani akafika, akainama, akamgusa jicho, kisha akarudisha kisu kwenye taulo.

"Huyu hukumpiga, umemlipua," akasema. "Hata mabega hayapo. Ulikuwa unawinda au unabomoa ghorofa?"

Nilicheka, lakini bega langu lilikuwa linawaka moto na sendoff ilikuwa wiki inayofuata. Watu walikuwa wamelipokea neno langu. Hakuna aliyenunua hata kilo moja ya mbuzi.

Nikarudi dukani na mtani wangu. Muuzaji, mzee wa Kitexas mwenye masharubu meupe, akaniuliza nawinda nini, kwa umbali gani. Nikamweleza kama ilivyo: nataka swala aanguke palepale, asikimbilie shamba la jirani, lakini asife mpaka huyu bwana amfikie na kisu.

Mzee akavua kofia, akaiweka kaunta. "Nimeuza bunduki tangu ujana wangu," akasema. "Hilo sijawahi kuulizwa."

Lakini kazi yake aliijua. Ya .44 akaiweka kando, akasema hiyo ni risasi ya bastola, nikikosea kidogo mnyama ataondoka nayo. Ya .35 aliisifu sana, ila risasi zake siku hizi ni za kutafuta. Mwisho akanishikisha ya .30-30. Nguvu yake ya kati, alisema, inaangusha swala bila kumpasua.

"Na mimi nitapata muda gani?" mtani akauliza.

Mzee akakitazama kitambi cha mtani. "Inategemea. Unakimbiaje?" Halafu akaacha kutabasamu. "Kaeni karibu. Mnyama asiteseke kwa sababu ya miguu yenu."

Tukakaa karibu, kichakani, kando ya kidimbwi wanakokunywa maji swala. Mtani alikuwa amevaa raba za mwanawe. Swala akaja, akainamisha kichwa. Nikafyatua. Akapiga magoti, akalala ubavu, mbavu zikipanda na kushuka. Nikainua mtutu juu.

"Nenda, mtani, nenda!"

Mzaramo yule alikimbia na kitambi chake kama aliyeona polisi. Bismillahi yake niliisikia kabla sijaondoka kichakani.

"Alikuwa hai?" nikapiga kelele.

"Hai kabisa! Amenikodolea macho!"

Nikamkumbatia na damu ya swala ilivyomrukia.

Siku ya sendoff, bibi wa upande wa bwana harusi, amejitanda mtandio wake, alifika kwenye pilau akasita. "Kachinja nani?" akauliza. Wakamwonyesha mtani. Akanyoosha sahani. Baadaye akainyoosha tena, na mimi nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nimeishikilia wiki nzima.

Mshereheshaji akaniita mbele. "Mzee wa nyama, tuambie ukweli, swala huyu amekugharimu kiasi gani?"

Nikajumlisha bunduki, hasara ya kurudisha ile kubwa, kibali, malipo ya mashamba ya kuwindia, mafuta ya gari na raba mpya za mtoto wa mtani. Nikashika kipaza sauti, nikawaambia bila haya: dola elfu moja mia tisa kumi na nne na senti thelathini na tano.