Ratili Mbili za Mkwe Wangu

Mkwe wangu Kalisti ni fundi magari hapa Gaithersburg, ughaibuni. Mwaka 2006 alimaliza kuunda gari la mashindano ambalo angeliendesha mwenyewe, kazi ya miaka mitatu. Sheria ya uwanja ule ni kwamba gari hupimwa pamoja na dereva wake, na likipungua uzito uliowekwa halikimbii.

Alilipima kabla ya Kwaresima, likawa sawa. Kisha akafunga siku arobaini! Jumamosi baada ya Pasaka, siku ya mashindano, mkaguzi akatazama mizani. "Pungufu ratili mbili. Una nusu saa."

Kuongeza jiwe ni marufuku. Lazima iwe madini ya risasi yaliyofungwa kwa bolti, nasi hatukuwa nayo hata kidogo. Mimi nilikuwa na sufuria ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama.

"Kula, baba."

"Mbele yako, mama? Hapana."

Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Nikampa mgongo, nikatazama uzio. "Haya, mimi sipo. Kula!"

"Na maji unywe yote, hata ya kunawa!" akacheka binti yangu Flaviana.

Akapimwa tena, akaruhusiwa. Katika mbio alikuwa wa tisa kati ya kumi na moja, nami nikapiga vigelegele. Namshukuru Mungu kwa mkwe ambaye hata haraka ile haikumsahaulisha heshima.