Namba Iliyo Kwenye Kaburi la Mbithe

Mulwa alifundisha hesabu huku Migwani miaka thelathini na minne, na kiburi chake, aisee, kingejaza magunia mawili ya ndengu. Alipostaafu alijichagulia namba, 73,381,331, akamwapia mkewe kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Umejuaje?" Mbithe akamuuliza.

"Tutaijaribu."

Kazi ya punda! Namba kama hiyo ikigawanyika, lazima kigawanyo kimoja kipatikane kabla ya kufika 8,567, maana 8,567 mara yenyewe tayari inaizidi. Basi ilibidi waigawanye kwa kila namba tasa iliyo chini ya hapo, zaidi ya elfu moja, kwa kalamu na daftari. Ukiacha mbili na tano, namba tasa zote huishia moja, tatu, saba au tisa. Mulwa akachukua zinazoishia moja na tatu. Mbithe, aliyeachia shule darasa la saba, akapewa za saba na tisa.

Alasiri, ndengu zikishapepetwa, walikaa kila mtu na daftari lake. Mbithe akimaliza ukurasa, Mulwa alirudia hesabu zake zote kwa kalamu nyekundu, akitafuta kosa kana kwamba amelipoteza yeye.

"Na zako nani anaangalia, Mwalimu?"

"Mimi ndiye mwalimu," alimjibu, akacheka. Alicheka, huyo mzee!

Miaka miwili, kila hesabu ikaacha baki. Mwaka uliofuata presha ikamchukua Mbithe. Mulwa akamwambia fundi Kyule aichonge ile namba kwenye simiti ya kaburi, na waombolezaji akawaambia, "Haigawanyiki. Kama sisi wawili." Watu walilia.

Aprili hii mjukuu wao Yvonne alikuja likizo kutoka chuoni, akasimama kaburini na simu yake.

"Umau," alimwita babu yake, "hii inagawanyika. Ni 7,333 mara 10,007."

Mulwa alimfokea, akamwambia simu ni upuzi. Kisha akaingia ndani kuleta madaftari.

7,333 inaishia tatu. Ilikuwa yake. Akaupata ukurasa: saba mara tatu, ishirini na moja, andika moja, beba mbili. Yeye alibeba moja. Mwisho akaandika baki kumi, akafungua ukurasa mwingine, kosa ambalo angemchapia mtoto wa darasa la nne.

Akafungua ya Mbithe, moja baada ya jingine. Alama nyekundu za vyema mwanzo hadi mwisho, wala hakuna kosa hata moja. Kwenye yake hakuna wino mwekundu popote. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Tumwite Kyule aifute?" Yvonne akauliza polepole.

"Iache," Mulwa akasema. "Na mtu akiuliza nani alikosea, usimwambie ni sisi. Mwambie ni mimi."