Kanda Iliyofika Wakati wa Matanga

Bendi ya kaka yangu ilikuwa ya vijana watano wa hapa Kanazi, waliojirekodi wenyewe. Kanda yao ya kwanza ilipotoka nilikwenda kuichukua Bukoba mjini, kwenye duka la Mhindi aliyewatolea nakala. Alinipigia wimbo mmoja, nikacheza pale pale mbele ya kaunta. Nilirudi mbio, maana kaka alikuwa kitandani, amekonda sana, akisubiri kuisikia sauti yake.

Nikakuta jirani amefiwa. Kwetu redio haifunguliwi karibu na msiba mpaka matanga yaishe. Hayajaisha, nyumba ya pili ikafiwa, kisha ya tatu.

“Mama, kwa sauti ndogo tu,” nilimsihi.

“Wakisikia je? Kesho nani atakuja kutuzikia?”

Alipotambua alichosema, akatoka kwenda migombani.

Kaka akacheka kidogo. “Basi niimbie wewe, msanii.”

Nilimwimbia kwa kunong'ona. Ubeti wa kwanza niliujua. Wa pili, ambao kwenye kanda anauimba yeye peke yake, sikuukumbuka, na yeye hakuwa na pumzi ya kunifundisha.